Roboti ya Mazungumzo Hospitalini: Nani Aruhusiwe Kuiamuru?

Mwaka 2011 kampuni ya GitHub ya Marekani iliitoa hadharani Hubot, programu iliyokuwa ikikaa ndani ya kundi la mazungumzo la wafanyakazi wake. Mhandisi aliandika amri fupi mbele ya wenzake, nayo Hubot ikatekeleza kazi kwenye mitambo na kujibu papo hapo. Kila mmoja aliona nani ameamuru nini, na saa ngapi.

Utaratibu huo ukiletwa hospitalini, amri hubadilika. Muuguzi wa zamu anaweza kuulizia vitanda vilivyo wazi, kumwita fundi wa mtambo wa oksijeni, au kufunguliwa akaunti iliyojifunga usiku wa manane. Lakini roboti huwa na ufunguo wake wa kuingia katika mifumo, na ufunguo huo aghalabu ni mpana kuliko wa mtumishi yeyote. Usipowekewa mipaka, kila aliyemo kundini huazima uwezo wake wote. Mhudumu wa mapokezi asiyeruhusiwa kufungua majibu ya maabara kwenye kompyuta ataweza kuyapata kwa sentensi moja katika simu, na majibu hayo huenda yakawa ya kipimo cha VVU cha jirani yake.

Kwa sababu hiyo, kuwemo kundini kusihesabiwe kuwa ruhusa. Roboti inapaswa kumtambua mtumishi kwa akaunti yake binafsi, iliyothibitishwa kwa hatua mbili, kisha ipime kama cheo na kituo chake cha kazi vinaruhusu amri aliyoitoa. Mtumishi anayeomba ruhusa na ataje kazi anayokusudia kuifanya, na msimamizi wake aidhinishe kazi hiyo tu. Amri zenye athari kubwa, kama kufuta kumbukumbu, zingoje idhini ya mtu wa pili. Majibu yenye jina la mgonjwa yaende kwa aliyeuliza peke yake. Usimbaji wa ujumbe, hata ule imara wa WhatsApp, haumzuii mwanakundi kusoma kilichotumwa kundini.

Kuna mazoea ya wodi nzima kutumia nywila moja, pengine imebandikwa kando ya kompyuta. Si uvivu, mara nyingi ni dalili kwamba maombi ya akaunti hukaa mezani mno, na mgonjwa hasubiri. Anayelaumu wauguzi aanze kuhesabu siku ambazo mtumishi mpya hukaa bila akaunti. Aangalie pia upande wa pili: daktari wa mafunzo kwa vitendo akihamia idara nyingine, ruhusa yake ya zamani hufungwa lini?

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa madhumuni gani. Mgonjwa anayehisi kwamba siri yake imetoka anaweza kuuliza kwa maandishi. Hospitali yenye akaunti binafsi itafungua kumbukumbu za roboti na kuona jina, tarehe na amri. Hospitali yenye nywila ya wodi itaona neno “wodi”, na watumishi wote wa zamu ile watabaki washukiwa.