Mapatano ya Namna Mbili

Somo: Luka 23:6–12, Mwanzo 33:1–11

Someni kwanza sehemu hizo mbili za Biblia, ndipo tuziangalie pamoja.

1. Luka atuambia neno la ajabu. Herode na Pilato walikuwa maadui, lakini siku ile Bwana Yesu alipopelekwa kwa huyu na kurudishwa kwa yule, wakawa marafiki. Basi tusidhani kwamba kila urafiki unaofuata ugomvi ni mwema. Katika hao wawili hakuna aliyetubu. Walipatana, na asiye na kosa akasulibiwa.

2. Yakobo na Esau walipatana kwa namna nyingine. Yakobo alijua ya kuwa amemdhulumu ndugu yake. Kwa hiyo hakuja mikono mitupu. Alitanguliza wanyama wake, akainama mara saba, akamsihi Esau aipokee zawadi. Naye Esau, ambaye zamani alikusudia kumwua, akamkimbilia na kumkumbatia, wakalia wote wawili. Mmoja alijinyenyekeza, mwingine alisamehe.

3. Sasa tutazame mambo ya nchi. Huko Zanzibar, tangu uchaguzi wa 1995, CCM na CUF zilishindana kwa uchungu mwingi, hata Januari 2001 damu ikamwagika, na watu wengine wa Pemba wakavuka bahari kukimbilia Kenya. Lakini tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, walioshindana katika chaguzi za 2000 na 2005, walikutana Ikulu wakazungumza. Shauri lao halikubaki chumbani. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura, na katika kila watu 100 waliopiga kura, 66 hivi walikubali serikali ya pamoja. Oktoba mwaka ule Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa tofauti ndogo sana. Maalim Seif akayakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya mtu aliyemshinda.

Hata hivyo mapatano ni kama moto wa jikoni: usipochochewa huzimika. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikaususia ule wa marudio wa Machi 2016, na serikali ya pamoja ikakoma. Baada ya uchaguzi wa 2020, uliokuwa nao na machozi yake, Maalim Seif, sasa akiwa wa ACT-Wazalendo, alikubali tena kazi ile ile chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Akafariki Februari 2021. Wako waliomsifu, wako waliomlaumu. Mungu peke yake ndiye ajuaye mioyo. Sisi twaweza kuuliza tu kama walioumizwa walikumbukwa.

4. Lakini sikuandika haya ili tuwahukumu wakuu. Katika mtaa mmoja niujuao huku kwetu, Wakristo wawili walilima vinyungu vilivyopakana, wakigawana maji ya mfereji mmoja. Mwaka 2015 Bwana Edward Lowassa alitoka CCM, akasimama kugombea urais kwa Chadema. Jirani mmoja alimfuata, mwingine akabaki. Wakatukanana mbele ya watoto wao. Tangu hapo hakuna aliyemwambia mwenziwe "Kamwene". Mmoja alipofiwa, mwingine hakwenda matangani. Hata tarehe 1 Machi 2019 Bwana Lowassa alirudi CCM, akapokewa kwa furaha na wale aliopambana nao. Majirani wale je? Wakaendelea kununiana. Mwenye ugomvi alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, nao wangali wanalinda mpaka wa vita vyake.

Nami mchungaji nilikosa. Niliwaona wakikaa pande mbili za kanisa, nikasema moyoni, "Mambo ya siasa yatapoa yenyewe." Hayakupoa. Nilipokwenda hatimaye, yule mkubwa aliniambia: "Mchungaji, sikumkasirikia kwa ajili ya chama. Nilimkasirikia kwa sababu aliniita mwizi mbele ya wanangu." Ndipo nikafahamu. Chama kilikuwa kifuniko tu. Neno lile ndilo lililokuwa jeraha. Yule mwingine alipolikiri neno lake mbele ya watoto wale wale, walipeana mikono.

Basi mkumbuke: wakuu waweza kupatana kwa siku moja kwa kugawana kazi, lakini jirani hapatani ila kwa kukiri na kusamehe. Tusingoje ruhusa ya wakuu ili kupatana, wala tusidhani kwamba kushikana mikono kwao kumelipa deni letu.

Maswali kwa waalimu:
1. Nani aliumia kwa urafiki wa Herode na Pilato?
2. Yakobo alifanya nini kabla ya kukumbatiwa?
3. Je, yuko mtu ambaye hujamsalimu tangu uchaguzi? Utamwendea lini kabla ya kuja Mezani pa Bwana?