SOMO: KUSAFISHA NA KUTUNZA CHUJIO LA MCHANGA



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi, wakajifunza kwa redio na vitabu namna ya kujikinga na maradhi. Somo hili nalo lisomwe kwa sauti katika kikundi, lijadiliwe, kisha litendwe. Linahusu chujio la mchanga la maji ya kunywa, lile lijengwalo kwa zege au pipa na kuwekwa nyumbani kwa mwanachama, au katika ofisi ya chama ambapo hungoja wanaoleta kakao na mpunga.

Sababu ya somo hili

Sisi wa Kyela hatuna uhaba wa maji, bali tuna uhaba wa maji salama. Wakati wa masika mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika bondeni. Maji hupita vyooni na kuingia visimani. Kipindupindu husafiri kwa njia hiyo. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Chujio lililotunzwa vyema ni kinga. Chujio lililotunzwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa huwapa watu imani isiyo na msingi.

Jinsi chujio linavyofanya kazi

Wengi hudhani kwamba mchanga huzuia vijidudu kama chekeche linavyozuia makapi. Hiyo ni sehemu tu ya kazi. Juu ya mchanga huota utando mwembamba wa viumbe hai wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaokula na kuharibu vijidudu vya maradhi. Utando huo huhitaji hadi siku 30 kukomaa. Ili uishi, lazima maji yatuame daima sentimita 5 hivi juu ya mchanga, yaani kama upana wa vidole vitatu.

Kosa la mwenye bidii

Tuchukue mfano. Mkutano mkuu umekaribia. Mjumbe mwenye bidii anaona maji yanatoka polepole, anaona na uchafu juu ya mchanga. Anautoa mchanga wote, anauosha kwa sabuni na kuurudisha. Chujio linang'aa, naye anasifiwa. Kumbe ameua utando wote, na kwa wiki kadhaa wageni watakunywa maji yaliyo safi kwa macho tu.

Historia inatufundisha jambo hilo. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona, uliochota mto huohuo upande wa chini, ulisalimika kwa sehemu kubwa, kwa kuwa ulichuja maji yake kwa mchanga. Lakini katika majira ya baridi yaliyofuata, wagonjwa walitokea Altona pia. Mtaalamu Robert Koch alichunguza, akaeleza kwamba chujio mojawapo liliharibika kwa baridi kali lilipokuwa likisafishwa. Chujio lililotoka kusafishwa halina nguvu yake kamili.

Wala tusiige vichujio vya mabwawa ya kuogelea. Vile husafishwa kwa kurudisha maji kinyumenyume kwa nguvu ya pampu, na klorini hutiwa bwawani ili iue vijidudu. Chujio letu hutegemea viumbe hai. Klorini ikitiwa ndani yake, itawaua hao.

Wakati wa kusafisha

Usisafishe kwa kufuata kalenda. Jaza chujio, kisha upime kwa saa. Chujio zuri hutoa lita 1 kwa dakika mbili na nusu hivi. Likitoa kwa kasi zaidi ya hiyo, mchanga una kasoro, mwite fundi. Likichukua dakika 10 kwa lita 1, lisafishwe.

Hatua za kusafisha

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Ondoa kifuniko na sahani yenye matundu. Ikiwa maji juu ya mchanga ni machache, ongeza lita 4.
3. Weka kiganja bapa juu ya mchanga, ukizungushe taratibu mpaka maji yachafuke. Usichimbe kwa vidole.
4. Chota maji machafu kwa kikombe, uyamwage shimoni mbali na kisima.
5. Sawazisha uso wa mchanga, rudisha sahani, jaza maji na upime tena. Rudia hatua hizi ikiwa bado yanatoka polepole.
6. Safisha mdomo wa bomba la kutolea maji kwa kitambaa safi na sabuni, kisha nawa tena.

Kwa siku kadhaa baada ya hapo, chemsha maji yaliyochujwa au yatie klorini katika chombo cha kuhifadhia, kama paketi inavyoelekeza.

Utunzaji wa kila siku

Tia maji kila siku, na kutoka chanzo kilekile. Baada ya kujaza, liache chujio lipumzike kwa muda usiopungua saa 1 wala kuzidi saa 48. Maji yenye tope yatuame kwanza katika ndoo. Usifunge koki wala mpira kwenye bomba la kutolea: koki hupandisha maji na kuunyima utando hewa, mpira huweza kuyanyonya hadi mchanga ukauke.

Mitungi ya Wakisi wa Ikombe hupoza maji vizuri, lakini iwe na kifuniko na kata yenye mpini mrefu. Mkono uingiao mtungini hurudisha uchafu tuliouondoa. Tena, chujio haliondoi sumu ya dawa za kilimo. Vyombo vya kupulizia kakao visikaribie kisima.

Wajibu wa chama

Mali isiyo na mwenyewe huharibika. Kamati imteue mtu mmoja wa kutunza chujio, na Katibu afungue daftari lenye tarehe, muda wa kutoa lita 1, na jina la aliyesafisha. Mwaka 1995 kujali jamii kulikubaliwa kuwa kanuni ya saba ya ushirika duniani. Kanuni hiyo huanzia kwenye kikombe anachopewa mwanachama aliyetua gunia lake.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mchanga usioshwe kwa sabuni?
2. Chujio letu hutoa lita 1 kwa muda gani? Lipimeni leo.
3. Ni nani atakayelitunza masika yakija, naye atasaidiwa na nani?