Kuzimika na Kuchakaa: Istilahi za Nishati na Uimara wa Vigari vya Mirihi

Makala haya yanajadili namna ya kueleza kwa Kiswahili ukomo wa vigari vinavyotumwa kuchunguza sayari. Ni rahisi kusema kuwa kigari "kimekufa", lakini kitenzi hicho huficha sababu. Tutazame vigari viwili vya Marekani vilivyotua Mirihi.

Opportunity kilitua Januari 2004 kwa kazi ya siku 90 za Mirihi. Kilipata umeme kutokana na mabamba ya kunasa mwanga wa jua, ambayo mara kadhaa upepo uliyapangusa vumbi. Hivyo kilidumu zaidi ya miaka 14 na kusafiri zaidi ya kilomita 45. Juni 2018 dhoruba ya vumbi ililiziba jua na mawasiliano yakakatika. Kigari hiki kilizimika.

Curiosity, kilichotua Agosti 2012, hakitegemei jua: joto litokanalo na plutoni-238 hugeuzwa kuwa umeme, ingawa nguvu yake hufifia polepole. Hata hivyo, mwaka 2013 ilidhihirika kuwa mawe makali yanayatoboa magurudumu yake ya aluminiamu. Hapa nishati ingalipo, bali chombo kinachakaa.

Tunapendekeza, basi, kuzimika kuhusishwe na ukosefu wa nishati, na kuchakaa kuhusishwe na kulika kwa sehemu za chombo. Tofauti hii si ya maneno matupu. Wahandisi wa Perseverance, kilichotua Februari 2021, walibakiza chanzo kilekile cha nishati, wakaunda magurudumu mazito zaidi. Istilahi moja isingeweza kutueleza kwa nini.