Dawa za Kutibu Uraibu wa Vichangamshi: Utafiti Umefikia Wapi?

Tangu kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, familia nyingi zimeona ndugu zao walioathiriwa na heroini wakirejea katika maisha ya kawaida. Ndiyo maana tunaulizwa mara kwa mara: je, mraibu wa kokeini au methamfetamini naye ana dawa ya namna hiyo? Kwa sasa, hana.

Sababu imo katika ubongo. Heroini hujishikiza kwenye vipokezi maalumu. Methadoni hushika vipokezi hivyo hivyo polepole na kwa muda mrefu, na arosto hutulia. Vichangamshi hupita njia nyingine. Kokeini huzuia dopamini isirudi ndani ya seli za neva, ilhali methamfetamini huisukuma itoke kwa wingi. Kupata dawa itakayotuliza mfumo huo bila kuleta uraibu mpya ni kazi ngumu.

Hata hivyo, matumaini yapo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa watu 403 wenye uraibu wa methamfetamini. Baadhi walipewa sindano ya naltreksoni kila wiki 3 pamoja na vidonge vya bupropioni kila siku; wengine walipewa dawa bandia. Aliyehesabiwa kuwa amepata nafuu ni yule ambaye angalau vipimo 3 kati ya 4 vya mkojo, mwishoni mwa kipindi, havikuonyesha methamfetamini. Waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 13.6 kwa dawa halisi, na asilimia 2.5 kwa dawa bandia.

Tusome takwimu hizi kwa uangalifu. Tofauti ni ya kweli, lakini kati ya wagonjwa 100 waliotibiwa, takribani 86 hawakufikia lengo. Aidha, naltreksoni hufunga vipokezi vya heroini: akipewa anayetumia heroini au methadoni, humwamshia arosto kali. Kwa hiyo, mgonjwa wa methadoni anayechanganya na kokeini hawezi kutumia tiba hii. Bupropioni nayo yaweza kuleta degedege. Asithubutu mtu kujinunulia dawa hizi dukani.

Wakati utafiti ukiendelea, tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi si kidonge, bali ni mpango wa kumtunuku mgonjwa zawadi ndogo kila mkojo wake unapokuwa safi, sambamba na ushauri nasaha. Kukosekana kwa dawa, basi, si kukosekana kwa tiba. Mleteni mgonjwa kliniki.