Kompyuta Isiyotaka Kuamka

Siku ya kwanza ya muhula huu kompyuta ya ofisi ya taaluma ilikataa kuamka. Ndani yake mlikuwa na alama za Kidato cha Nne za miaka miwili, wala hapakuwa na nakala nyingine. Sisi wa chama cha kompyuta tuliitwa kusaidia. Tulipobonyeza kitufe feni ilivuma, taa ikawaka, kisha kwenye kioo yakatokea maneno ya kusema kuwa diski ya kuanzia haikupatikana.

Mara kila mtu akawa fundi. Mwenzetu mmoja alisema diski imekufa. Mimi, nakiri kwa haya, nilisema tuweke mfumo endeshi upya, kwa sababu nilikuwa nimeiona kazi hiyo ikifanywa mara moja. Mwalimu wetu akaniuliza, "Na alama zitakwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi akatueleza kuwa kompyuta haiamki kwa mruko mmoja, bali hupita hatua nne. Kwanza, umeme huingia. Pili, programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu, iitwayo BIOS, hukagua viungo vya mashine. Tatu, hutafuta diski ya kuanzia. Nne, mfumo endeshi hupakiwa kutoka katika diski hiyo. Ukijua mashine imekwama hatua gani, umekwisha jua pa kutafuta ugonjwa.

Ikiwa hakuna taa wala feni, tazama soketi, waya na swichi ya nyuma. Ikiwa feni yazunguka lakini kioo ni cheusi, au mashine yalia mlio wa kurudiarudia, shuku kibao cha kumbukumbu, yaani RAM. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, kisha kitoe kibao, sugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, upanguse vumbi na kukirudisha mpaka kikaze. Lakini lile sanduku la umeme lililo ndani usilifungue kamwe, maana huweza kubaki na umeme wa hatari hata waya ukiwa umechomolewa. Na diski ikigonga kwa sauti, zima mara moja, usijaribu tena na tena.

Mashine yetu ilikuwa imetuonyesha maandishi, kwa hiyo hatua mbili za kwanza zilikuwa salama. Ilikwama katika ya tatu. Tuliona flashi imesahauliwa nyuma, tukaichomoa kwa furaha, maana BIOS huweza kuidhania flashi kuwa ndiyo diski ya kuanzia. Tukawasha tena. Maneno yakawa yale yale.

Tukaingia katika mipangilio ya BIOS. Jina la diski lilikuwapo, kwa hiyo haikuwa imekufa kama tulivyodhani. Lakini tarehe ilikuwa ya miaka mingi iliyopita. Mwalimu akatabasamu, akasema, "Saa ya nani husimama asipokuwa na betri?"

Katika ubao mkuu mna betri ndogo ya duara, CR2032. Jina lake laeleza umbo lake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Hutunza saa na mipangilio umeme unapokatwa. Yetu ilikuwa imekwisha, na wakati wote wa likizo mashine ilikuwa imechomolewa. Mipangilio ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, na njia ya kuamshia ikawa ile ya kizamani, hali mfumo endeshi wetu uliwekwa kwa njia mpya, UEFI.

Tulichomoa umeme, tukaweka betri mpya, tukasahihisha tarehe na kurudisha njia ya UEFI. Mashine ikaamka, na alama zote zilikuwamo. Kabla hatujapiga makofi, Mwalimu alizinakili mahali pawili.

Ushauri wangu ungalifuatwa, kazi ya miaka miwili ingalifutwa kwa ajili ya betri moja ndogo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ndugu zangu, mashine ikigoma, kwanza uliza imekwama wapi, jaribu jambo moja kwa wakati mmoja, na dawa ifutayo iwe ya mwisho. Lakini nakala itengenezeni leo, mashine ingali nzima.