Mafunzo Niliyopata Nikimlisha Mama kwa Mpira Nyumbani

Kiharusi kilimwacha mama hawezi kumeza. Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira unaopita puani hadi tumboni, na kumlisha ikawa kazi yetu sisi wanawe. Nimejifunza haya.

1. Hakiki mpira kabla ya kila mlo. Muuguzi aliuwekea alama pale unapotokea puani; tulianza kwa kuitazama kama imesogea. Kisha tulivuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano na kuyapima kwa karatasi ya kupima asidi: pH ya 5.5 au chini ya hapo ni dalili kuwa mpira uko tumboni. Kupuliza hewa na kusikiliza mlio hakutoshi, maana mlio husikika hata mpira ukiwa umepotea njia.

2. Mgonjwa asilishwe akiwa amelala chali. Mama tulimwinua kwa mito, nyuzi 30 hadi 45, na akabaki hivyo kwa saa nzima baada ya kula. Chakula kikipanda na kuingia mapafuni huleta nimonia, nayo huwaua wagonjwa wengi wa kiharusi.

3. Usiharakishe. Tulitoa kijiti cha kusukumia cha bomba la sindano, tukamimina chakula na kuliinua bomba, kikashuka chenyewe kwa dakika 20 hivi. Ukisukuma kwa nguvu, tumbo hujaa na mgonjwa hutapika. Akikohoa, akipumua kwa shida au midomo ikibadilika rangi, acha mara moja na utafute msaada.

4. Maji huuepusha mpira na kuziba. Mililita 30 za maji safi kabla na baada ya chakula, na vivyo hivyo kwa dawa. Uji na supu vichujwe vizuri, lakini uji mtupu haumtoshi mtu. Mwombe mtaalamu wa lishe akupangie mlo. Dawa zisichanganywe na chakula, na mfamasia aulizwe kwanza, kwani vidonge vingine havisagwi.

5. Kinywa kisichokula nacho huchafuka. Tulimpiga mama mswaki laini asubuhi na jioni, tukampaka mafuta midomoni. Plasta ya puani tuliibadilisha na kuusogeza mpira kidogo pembeni, bila kuuingiza wala kuuvuta nje, ili ngozi isichubuke.

6. Mpira ukichomoka, usiurudishe mwenyewe. Waweza kuingia kwenye njia ya hewa. Mpeleke hospitali.

7. Mgonjwa bado ni mwenzenu wa mlo. Tulimleta sebuleni tulipokula, tukamwambia, “Mama, leo ni uji wa ulezi na maziwa.” Hakuwa akijibu, ila alitugeukia, na utulivu wake ulionekana.

Wewe unayejiandaa kumpeleka mgonjwa wako nyumbani, usitoke wodini kabla hujamlisha kwa mikono yako mbele ya muuguzi, naye akaridhika. Omba pia namba ya simu ya kupiga usiku.