Mpaka Ukisogea, Mbunge Naye Husogea

Katika vikundi tunavyotembelea swali hili halikosi: "Mbona mheshimiwa haonekani huku kwetu siku hizi?" Jibu la haraka ni kwamba ana kiburi. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kumlaumu, tuulize kwanza mpaka wa eneo bunge unapita wapi.

Mbunge hufuata kura. Tuseme kijiji cha ng'ambo ya mto kimetolewa kwake kikatiwa eneo jirani. Kura zao haziwezi tena kumrudisha Bungeni wala kumwangusha. Hata akiwa mtu mwema, harambee yao atatuma mtu na bahasha ndogo. Wale walioingizwa upya ndio sasa wataanza kuliona gari lake. Na mpaka ukichorwa hadi ndani ubaki karibu ukoo mmoja tu, kazi yake ngumu ni mchujo wa chama. Akishapita hapo, walio wachache atawasikiliza kwa nini?

Pesa nazo zimo. Sheria ya CDF ya mwaka 2003 iligawa robo tatu ya fedha sawasawa kwa kila eneo bunge, liwe dogo au kubwa. Katika sensa ya 2009 Embakasi ilikuwa na watu zaidi ya 900,000. Lamu Mashariki hawakufika 20,000. Kila upande mbunge mmoja. Basi si ajabu wabunge wengi walipigania maeneo yao yakatwe, na kila ukoo ukataka eneo lake. Mwaka 2012 tume ya uchaguzi, IEBC, iliongeza maeneo kutoka 210 hadi 290, na Embakasi ikawa tano.

Katiba ya 2010, kifungu cha 89, inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 iliisha Machi 2024 bila kazi hiyo kufanyika. Tume haikuwa na makamishna. Hii si habari ya wanasiasa peke yao, jamani. Katiba hiyo hiyo inaiamuru tume isikilize wanaohusika kabla ya kuamua. Uamuzi ukishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mwananchi ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu kuupinga. Wanasiasa hufika kwenye vikao hivyo na ramani na wanasheria. Sisi mara nyingi tunapata habari kikao kimekwisha.

Ya kujadili kikundini:

Chora ramani ya eneo bunge lenu chini kwa kijiti. Barabara, zahanati na visima vya CDF viko upande gani? Nani anakaa mbali navyo, na kura zao ni ngapi?

Kikao cha mipaka kikiitishwa wiki ijayo, nani atatusemea, na ataenda na karatasi gani mkononi?